Filtre Ilikuwa Yangu, Requête Ilikuwa ya Zawadi

Siku ya kwanza ya kazi niliingia bureau ya Bihambwe na mutoto mugongoni, diplome ya État, ya kumaliza sekondari, ndani ya farde ya karatasi, na viatu vya kuazima. Zawadi aliingia nyuma yangu. Yeye alikuwa na nywele za kusuka mupya, viatu vyake mwenyewe, na mugongo mutupu. Nilimuonea wivu mbele hajafungua kinywa. Ninasema wazi, kwa sababu ninyi vijana munapenda kuambiwa kama kazi ni upendo. Kazi ni kiti. Na kila muntu anaangalia kiti cha mwenzake.

Tulikuwa encodeuses. Encodeuse njo mwenye kuingiza ndani ya mashini, ya kompyuta, yale ambayo wenzake wameandika kwa kalamu huko vilimani: jina la mwenye nyumba, kijiji chake, mbegu anayoomba. Kila jamaa mustari moja, kila ulizo colonne moja ya kushuka chini, na yote pamoja inaitwa table. Mradi wetu ulikuwa unagawa mbegu za viazi na maharagwe. Ndani ya table kulikuwa Kibabi, Bihambwe, na hata Pinga kule Walikale, ambako gunia linafika kwa moto tu, ile pikipiki.

Mukubwa wetu alikuwa Chef d'antenne, mwenye kuongoza antenne, ni kusema tawi la mradi. Chini yake alikuwa Papa Encodeur, muzee wa Butembo, mwenye kujua mashini kuliko sisi wote. Alinianzisha na filtre.

"Ona hako kaentonnoir, kafaneli, juu ya colonne ya kijiji. Finya. Chagua Kibabi."

Nikafinya. Bihambwe na Pinga wakapotea. Nikaruka. "Papa, nimewafuta batu!"

Akacheka mpaka mutoto akaamuka. "Haujafuta muntu, Mama Gloire. Umefunika upande moja wa ungo na kitambaa. Toa kitambaa, maharagwe yote iko."

Hiyo njo filtre: inageuza yale macho yako yanaona, table yenyewe haijui kama umeifunika. Niliipenda. Nilikuwa mwepesi, mukono moja kwenye mashini, mukono moja kwenye titi la mutoto.

Kesho yake Papa Encodeur alivuta kiti karibu na Zawadi, akaanza kumufundisha requête. Nilisikiliza kwa sikio moja, na hilo sikio lilikuwa linawaka. Requête ni ombi unaloandika: niletee wale ambao kijiji chao ni Kibabi na mbegu yao ni viazi. Hayo maneno ya "wale ambao" yanaitwa condition. Mashini inaingia ndani ya table, inarudi na hao tu. Na ombi unalitunza. Juma lijalo, jamaa mupya zikiingia, unalifungua, nazo zinakuja.

Nikauliza: "Papa, na miye?"

"Wewe na mutoto mugongoni? Filtre inakutosha."

Zawadi hakugeuka hata kuniangalia. Tangu siku hiyo nilimuchukia kabisa. Nilichukia hata namna yake ya kukunywa chai.

Papa Encodeur alipotuacha, akarudi Butembo kuuzisha vitu ndani ya duka, magazini ya ndugu yake, Chef d'antenne alisema antenne ya Pinga inafunguliwa, na moja wetu atakuwa responsable, mukubwa wa huko. Nilikitaka hicho cheo. Ningefunga mutoto na kupanda moto siku ileile. Chef akatujaribu: jamaa za Kibabi zinazoomba viazi. Nilifinya entonnoir mara mbili, nikamaliza Zawadi akingali anaandika. Majibu yetu yalikuwa mamoja. Lakini kiisha juma moja Chef alirudi, table imeongezeka, akaomba tena. Na akaomba Bihambwe na Pinga, kila kijiji na mbegu yake. Miye nikaanza kufinya upya, kijiji kwa kijiji, mutoto analia. Zawadi alifungua maombi yake aliyotunza, akakunja mikono.

"Zawadi ataenda Pinga," Chef akasema. "Wewe, Mama Gloire, utatuchungia ma copie ya table ya kila juma hapa."

Siku moja simu ikalia. Zawadi, na sauti ya machozi.

"Dada, nimekufa. Pinga wamekataa viazi, wote wanataka maharagwe. Niliweka filtre, nikaona Pinga peke yao. Kiisha nikatumia requête ya kubadilisha, ile inayoandika ndani ya table: weka maharagwe. Sikuandika condition, kwa sababu mbele yangu kulikuwa Pinga tu! Sasa Kibabi ni maharagwe, Bihambwe ni maharagwe, inchi yote ni maharagwe!"

Nilifurahi. Naandika na ninarudilia: nilifurahi. Kitambaa kilifunika macho yake, lakini requête haipitii kwenye macho. Inaingia ndani ya ungo wote.

"Chef anapakiza magunia juma lijalo kwa kufuata table hii," akasema. "Akiona, atanitimua. Nitumie copie ya zamani na motard, mwenye moto, tafazali."

Kiti cha Pinga kilikuwa kinanukia. Lakini niliwaza pia bamama wa Kibabi wenye kulima matuta ya viazi, wakipokea maharagwe.

"Nitatuma. Lakini utanifundisha requête, neno kwa neno, mpaka nishibe."

"Kumbe haujue?"

"Nani alinifundisha? Si wewe njo ulikula yote?"

"Mama Gloire! Papa Encodeur aliniambia wewe njo ulikataa. Alisema: huyu mama hapendi kusumbuliwa, ana mutoto."

Nilimupa motard flash yenye copie, nikarudi ndani, nikapiga meza na ngumi.

Zawadi alinifundisha kwa simu, jioni kwa jioni, na nilimutukana nikimushukuru. Alibakia na kiti. Mradi ulipoisha huku kwetu, miye walinipa retraite, pumuziko la wazee, nikingali nanyonyesha mutoto wa pili. Sina mvi hata moja. Na wivu iko: nikisikia Pinga, ninageuza mazungumuzo.

Sasa ninafundisha vijana kule Kibabi, kwenye salle ya paroise, pale kanisani, na mashini moja ya zamani. Ninaanzaka na requête. Ninawaambia: condition andika mbele, filtre ni ya kuangalia tu. Juzi mama moja kijana alisimama kwenye mulango, mutoto mugongoni, hataki kuingia.

"Miye nitaangalia toka hapa, Mama. Filtre inanitosha."

Damu ikanipanda kichwani. "Nani alikuambia hivyo? Leta huyo mutoto hapa."

Nikamufunga mutoto wake kwenye mugongo wangu, nikasimama, nikamupa kiti.