Kwapa langu liliitwa dhambi, na aliyelihukumu hakuwahi kukaa

Wakuu, niaje.

Jana nimeona uzi hapa watu wakimcheka dem fulani wa ofisi yao ati ana majipu kwapani kwa sababu hajui kuoga. Comments zimejaa, kila mtu daktari. Nikasema hawa watoto leo wananipata.

Mimi nakaribia sabini, nina wajukuu, sitafuti likes. Nawapa hii vile ilinitendekea.

Mwisho wa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa rangi, nakaa Gatwekera, Kibera. Kijana wa kutoka Magharibi, afro imechanwa, viatu vya soli nene. Lakini chini ya makwapa kulikuwa na vita.

Jipu la kawaida mnalijua. Linavimba, linaiva, linapasuka, linaenda zake. Haya yangu yalikuwa wapangaji. Linapasuka leo, wiki ijayo liko pale pale, na harufu ambayo sitawaelezea kama mnakula.

Na mimi pia niliamini ni uchafu. Nilisugua makwapa na brashi ya kufulia na sabuni ya mche, asubuhi na jioni. Nikanyoa kila siku. Jirani akaniambia nipake mafuta ya taa, nikapaka.

Usijaribu. Niliruka ruka kwa nyumba ya futi kumi kwa kumi mpaka mwenye nyumba akakuja kuuliza.

Kazini nilifunga brashi kwa fimbo ndefu ndio nisiinue mkono nikipaka dari. Bosi akanisifu mbele ya wenzangu ati nina akili.

Sasa, Rozi.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, Kawangware upande wa Gatina. Kila Jumapili nilitoka Kibera kwa miguu mpaka huko, na haikuwa juu ya mahubiri, Mungu anajua. Baba yake Rozi, Mzee Ezekieli, ndiye alikuwa mkubwa wa wazee wa kanisa. Sifa yake moja: hakuwa anakaa. Ibada ya masaa manne, yeye amesimama kando ya ukuta na Biblia. Wamama walikuwa wanatuambia sisi vijana tuige huo moto wa roho.

Na kanisa hilo lilikuwa na utaratibu wake. Kijana akitaka kuoa, anasimama mbele, anainua mikono yote miwili, anaombewa. Mikono ikishuka kabla ya amina, basi kuna jambo anaficha, na harusi inangoja mpaka aungame. Mwenye alibuni hiyo kitu sijui ni nani. Najua tu hakuwa na majipu.

Siku yangu, aliyeomba ni Mzee Ezekieli mwenyewe. Akaombea wagonjwa. Akaombea mvua. Akaombea serikali, ofisi kwa ofisi. Alipofika kwa Israeli, jasho na usaha vilikuwa vinateremka kwa mbavu.

Mikono ikashuka.

Mzee akafungua macho. "Mkono huu umeshika cha mtu," akasema.

Nikapewa mwezi mmoja niungame. Niungame nini? Wengine walisema nimeiba rangi ya bosi wangu mhindi. Wengine wakasema ni ugonjwa wa kulala na wanawake ovyo. Kwa kwaya, mahali nilikuwa naimba, wakaanza kuniachia nafasi kubwa ya kusimama. Nililia wakuu, mwanaume mzima, barabarani mchana, kutoka Kawangware mpaka Kibera. Huyo msichana nilimpenda vibaya sana.

Wiki hiyo nikaenda dispensary moja. Nikampata clinical officer, mama mmoja mkavu hivi. Hakuziba pua. Akauliza kama yanarudi pale pale. Akanionyesha vidoa vyeusi viwili viwili kwa ngozi, na makovu kama kamba, na vijishimo vyenye vimeungana chini kwa chini.

Akaniambia huu ni ugonjwa wa ngozi, unaanzia kwa vinyweleo, mahali kwenye tezi za jasho. Unapenda makwapa, mapaja huko juu, na matako. Hauambukizi, hauletwi na uchafu wala malaya, na mara nyingi hutembea kwa familia. Hauponi kabisa lakini unatulizwa. Akanipa tembe za miezi kadhaa, akanikataza wembe, sigara na hiyo brashi. Mafuta ya taa akasema nirudishie stovu.

Nikamweleza Rozi yote, hata hiyo ya matako. Akageuka, akaenda zake. Nikajua nimeachwa.

Mwezi ukaisha, tukaitwa kwa kamati. Wazee wanne kwa benchi, Mzee Ezekieli amesimama kama kawaida. Nikaeleza maneno ya daktari. Mzee akacheka. Akasema huo ni uchafu wa mwili na wa roho, na mtu mwenye kitu kama hicho hawezi kuoa kwake.

Rozi alikuwa nyuma. Mama yake aliishi nyumbani Magharibi, kwa hivyo yeye ndiye alimtunzia babake nyumba pale Kabiro, huko huko Kawangware. Akasimama, akasema polepole:

"Baba, suruali zako ni mimi hufua."

Kisha akaketi.

Wazee wakamwangalia mwenzao. Mmoja akasogea, akapiga benchi na kiganja. "Keti basi, ndugu."

Mzee hakuketi. Hakuweza.

Miaka yote hiyo kanisa lilimsifu kwa kushindwa kukaa, na mimi nikahukumiwa kwa kushindwa kuinua mkono. Ugonjwa ni ule ule. Wiki mbili baadaye nikamkuta dispensary, wengine wote wameketi, yeye amesimama kwa ukuta. Nikasimama kando yake. Tembe alichukua.

Kwa hivyo wewe wa uzi wa jana: majipu yakirudi pale pale, mwambie huyo dem aone daktari wa ngozi, halafu ufunge mdomo. Pengine anaoga kukushinda.

Na kwenu kuna nani mwenye hakai, mnamsifu tu? Semeni hapa chini, nasoma zote.

Siku ya harusi yetu mhubiri alisema watu wote wainue mikono, kisha wakae. Mimi sikuinua. Baba mkwe hakukaa. Na mara hii hakuna mtu aliuliza.