Kununulia Bibi Yangu Giza

Nyumba yetu ya Baraka, dirisha yake inatazama ziwa. Asubui jua inatoka nyuma ya milima ya Ubwari, inapiga mu maji, maji nayo inairudisha, basi jua mbili zinaingia mu chumba yetu bila kupiga hodi. Moja inakaa ku kitanda. Ingine inatetemeka ku mabati ya juu kama samaki ya ndakala mu wavu. Mi nilikuwaka nasema ni muzuri sana, mupaka siku bibi yangu alianza kazi ya usiku.

Yeye anazalishaka bamama ku maternité. Walimupa garde, njo kusema usiku muzima anapokea batoto, mchana analala. Ao anajaribu kulala. Anarudi asubui saa ile mi nafungua kibanda yangu ya kucharji simu za bantu na pano ya umeme ya jua. Mi nakulaka jua, yeye anatafuta giza. Ndoa yetu ilikuwa kama kuku na popo kukaa mu kiota moja.

Alikuwa analala kama muntu anangojea gari, sikio moja inje. Asubui moja nikamukuta amekaa ku kitanda na viatu ku miguu.

"Leo nililala nimesimama," akasema. "Mukono yangu ilikuwa ku tumbo ya mama moja. Mutoto akapiga teke, njo nikaamuka. Kama hangepiga?"

"Lakini alipiga."

"Papa, sikukuuliza kama alipiga."

Mi ni muntu wa kuchekesha. Lakini ile asubui niliinama tu, nikamuvua viatu. Akaniambia kama usingizi haimurudilie mwezi huu, ataacha kazi, ataenda kuuzisha unga ya mihogo na dada yake kule Fizi. Na hii kazi aliitaka tangu utoto. Hata mbuzi za baba yake alikuwa anazizalisha, mbuzi ingine ikisikia uchungu inakuja yenyewe ku mulango kumutafuta.

"Usiache," nikamuambia. "Nitakununulia giza."

Nikaenda ku soko, kwa mzee moja wa duka, muislamu wa pale ku ziwa, mwenye iko na boti yake ya kuleta bintu toka ngambo. Rido, zile nguo za dirisha, zilikuwa zinaning'inia mupaka inje, upepo inazivuta, ukipita kati yao unasahau kama uko ku soko.

"Unatafuta rido ya salon ya bageni ao ya chumba ya kulala?"

"Natafuta ya giza, mzee."

"Ya giza ni rangi gani?"

"Ni ile rangi ya kutoona rangi."

Akaniangalia, kofia yake nyeupe ikashuka kidogo ku paji. "Mwanangu, ulisoma mupaka wapi?"

"Nilifika katikati. Masomo yangu ilikatika kama barabara ya Misisi mu mvua."

"Inaonekana. Shika hii."

Alinipa rido ya maua, rangi ya machungwa. Nikaifunga ku dirisha, nikalala chini yake kuipima mbele bibi arudi. Mi njo nilikuwa mupimaji. Nililala palepale. Nikaota niko ndani ya papai imeiva, naogelea kati ya mbegu zake, kila kitu tamu na bila haraka, na muntu anagonga ganda kwa inje kusikia kama iko tayari. Ni bibi yangu alikuwa ananivuta muguu.

"Iko nzuri!" nikamuambia. "Nililala!"

"We unalalaka hata mu mahubiri."

Akajinyoosha. Maua ikamumwangia rangi yake yote ku uso. Jicho moja ikafunguka, halafu ya pili. "Nasikia niko ndani ya chupa ya soda ya machungwa."

Nikarudisha rido. Mzee akanionyesha ile ya ma-bureau ya serikali, imetengenezwa na mbao ndogo nyembamba za plastiki, unavuta kamba inashuka. "Hii unavuta," akasema, "usiku inakuja." Ku nyumba nikavuta, nusu ya usiku ikakuja, nusu ingine sijui ilibakia Bujumbura. Mwangaza ilipita mistari mistari ku sakafu, ku ukuta, ku shuka. Nikalala kuipima. Nikaona ile mistari imesimama, imekuwa ngazi, na mi napanda napanda mupaka ku Minembwe, kule juu ngombe zinakula majani polepole mu ukungu, zote ziko na mistari, na hakuna yenye inaona haya. Nilishuka kwa shida. Saa bibi yangu alilala pale, akanyanyua mikono yake, akaiangalia yote mbili.

"Papa, unataka nikuwe punda milia?"

"Njo nzuri, lakini! Mi nimelala sana."

"Ndiyo. We."

Ya tatu ilikuwa bâche ya bluu, ile ya kufunika mizigo mu boti. Nikaipiga misumari ku dirisha yote. Chumba ikakuwa ziwa. Sijawai kulala vile. Nilishuka mu maji mupaka chini kabisa, pale pako baridi kidogo na kimya, samaki zikakuja zimepanga mustari na simu zao nizicharjie, nami nikawa naziambia kwa heshima kama mu maji courant ya umeme haiko, zirudi kesho. Hata moja haikunitukana. Bakiliya wa simu kama hawa, inje sijabaonaka.

Lakini bâche ikikutana na upepo inasema kwara-kwara, na ikikutana na jua ya saa sita inapika. Bibi yangu akatoka mu chumba amelowa.

"Unataka nilale ao niive?"

Halafu akakaa chini ku mulango, akaanza kucheka, na katikati ya kucheka nikaona machozi. "Shida haiko rido," akasema. "Shida ni mupimaji. Kukupa we upime usingizi ni kama kupa mbuzi ilinde shamba ya sombe. Papa, mi nimechoka. Kesho nitaongea na mukubwa wa kazi, nimuambie naacha."

"Kesho saa ngapi?"

"Kesho magaribi, nikienda ku garde."

Basi ilibakia mchana moja.

Kesho yake asubui, yeye bado ku kazi, nikaenda mbio kwa mzee. Hakuniuliza kitu tena. Alipanda ku ngazi, akashusha kitambaa nyeusi, nzito, ya kushonea makoti. Niliiweka ku kichwa yangu mule mule mu duka. Soko ikazimika. Nikasikia bamama banauzisha samaki mbali kabisa, kama bako ngambo ya pili.

"Toka umo ndani," mzee akasema, "utalala mu duka ya bantu."

Safari hii nikatumia akili yangu yote, ile nusu niko nayo. Nikaona chumba ya kulala haifai, inatazama jua uso kwa uso. Salon iko na dirisha moja tu, ndogo, ya upande wa nyuma. Nikatoa viti yote inje mu kiwanja, nikatoa meza, nikatoa ile kabati ya visahani. Nikaleta godoro, nikaitandika chini katikati ya salon. Nikapiga kitambaa nyeusi ku dirisha kwa inje, mara mbili. Kipande yenye ilibakia nikaifanya rido ya mulango.

Giza ikakuja ya kweli. Haikuwa giza ya kutisha. Ilikuwa ile giza ya ndani ya mutungi, iko na baridi, inakushika mabega kama mama. Bibi yangu alirudi, akaingia, akasimama mule. Sikumuona. Nilisikia tu pumzi yake imeshuka, tena imeshuka.

"Usipime," akaniambia. "Toka."

Nikatoka nanyata ku vidole vya miguu. Nikakaa ku kiti moja mu kiwanja, mbele ya mulango, nilinde. Nikaweka mukono ku shavu. Ile giza nilikuwa nimeivuta kidogo tu saa napiga misumari, lakini ilishaingia mu damu.

Sasa, kwetu, muntu akikufa, kitu ya kwanza ni kutoa viti na meza ya salon inje. Godoro inawekwa chini, mwenye msiba analala pale mu giza, na bantu banakuja kukaa naye ku mikeka. Kila mutoto wa Baraka anajua. Hata mi najua. Ile siku tu njo nilikuwa sijui.

Saa nilifungua macho, kiwanja ilikuwa imejaa. Bamama ku mikeka, miguu imenyooshwa, vitenge ku kichwa. Bapapa ku viti yangu. Mzee wa duka alikuwa pale na tasibii yake. Kuni ilikuwa imepangwa ku ukuta, kikapo ya unga pembeni. Bote bananiangalia na huruma kubwa sana. Upepo ya ziwa ilikuwa inapita kati yetu polepole.

Nikafikiri: basi ni mi njo nilikufa. Na haikuniuma. Nilishangaa tu kama bantu ni mingi vile.

Muntu akaniwekea mukono ku bega. Ni jirani yetu, mama moja mukimbizi wa Burundi, mwenye analimaka maharagi nyuma ya nyumba. "Uvumilie, papa," akasema. "Ni njia ya bote."

Kumbe sikukufa. Lakini nani? Ku msiba hauwezi kuuliza nani alikufa, kama uko mwenye msiba ni haya kubwa. Nikafikiri mama mukwe yangu. Nikafikiri dada wa Fizi. Machozi ikanitoka, nikalia pale kidogo, na bapapa bakatingisha kichwa. Halafu nikashindwa, nikamuinamia jirani.

"Mama, nani alikufa?"

"We njo unatuuliza sisi?"

Akanionyesha viti. Akanionyesha kitambaa nyeusi ku mulango. Nikaelewa, na pale ku barabara kulikuwa kunakuja bamama bengine, na ule wa mbele alikuwa ameshaweka mikono ku kichwa, kifua yake inajaa, kilio inakuja.

Sijawai kukimbia vile. Nilimufikia mbele afungue kinywa. "Mama, nakuomba, meza hiyo kilio! Hakuna muntu alikufa. Bibi yangu alikesha ku maternité, iko anapumzika. Ukilia ataamuka, na akiamuka ataacha kazi."

Akaimeza. Macho yake ikatoka, lakini akaimeza.

Habari ikazunguka mikeka kwa kunong'ona. Halafu ikaanza: tumbo moja ikatetemeka, tumbo ya pili. Mama wa maharagi akajaza kitenge mu kinywa. Papa moja akaenda kucheka mbali, nyuma ya mihogo. Mzee wa duka akafunga macho, mabega yake inaruka, tasibii inalia cha-cha-cha. Hakuna sauti ilitoka. Kiwanja muzima inacheka kama samaki.

"Basi murudi," nikanong'ona. "Munisamehe."

"Turudi wapi?" mama wa maharagi akasema. "Tulishatandika. Mutoto yangu wa mwisho alitoka mu mikono ya huyu dada. Usiku ule mvua inapiga, alinishika mupaka asubui. Shii! We papa, zima hiyo pikipiki, sukuma kwa miguu!"

Wakakaa. Mbuzi ilipita, ikafukuzwa bila neno. Batoto balipelekwa ku maji. Bamama walipika ugali ya msiba, bakiisonga pole pole, mwiko haigongi sufuria. Mi nilikuwa nasikia maji ya ziwa, kitu sijawai kusikia mchana mu kiwanja yetu, na ndani, nyuma ya kitambaa, bibi yangu anakoroma.

Jua ilishapita juu ya nyumba, inaenda ku milima, saa rido ilisogea. Akasimama ku mulango, shuka ku bega, alama ya godoro ku shavu. Akaona bantu. Akashika ukuta.

"Nani alikufa?"

"Hakuna," mama wa maharagi akajibu. "Ni bwana yako alitengeneza salon. Kuja ukule."

Akakula. Alikula sana, ameketi kati yao, anawasikiliza banamuelezea namna nililia, na bapapa banaonyesha uso yangu ilikuwa namna gani. Halafu akainuka, akanawa, akavaa blouse yake nyeupe.

Nikamusindikiza mupaka ku barabara. "Utaongea na mukubwa wa kazi?"

"Ndiyo," akasema. "Nitamuambia kesho pia anipange garde."

Akaenda. Na nyuma yangu bantu bakaanza, mwisho, kucheka na sauti.