Nelima na Kibao cha Karamu

Mtu aliyewahi kupikia shule nzima usimwambie apumzike. Unaweza kumwambia, lakini utakuwa unajisemea. Nelima alipika katika shule moja ya bweni kule Malakisi tangu ujana wake hadi mvi zilipomtoka, na alipostaafu, mwanawe Hillary akamleta Kitale, mtaa wa Kibomet, akamwonyesha kochi na rimoti. "Mama," akasema, "sasa kazi yako ni kukaa."

Kochi lilikuwa zuri. Ubaya wake ni kwamba lilitazamana na jikoni. Kutoka pale Nelima alimwona Vivian, mke wa Hillary, akisonga ugali kwa kijiko cha kupakulia, na kila alipoinuka kusaidia, Vivian alimrudisha kwa heshima zote: "Kaa tu, mama. Umechoka vya kutosha." Msichana mwema kabisa, huwezi kumlaumu. Lakini Nelima alikuwa akiumia, tena sana. Alitaka jambo moja tu: watu wale chakula chake, wapanguse midomo, kisha waulize kama kuna kilichobaki.

Asubuhi moja akatoka kunyoosha miguu. Alipopita kinyozi na duka la mbegu akaona kibao kipya cha herufi nyekundu: NYUMBA YA KARAMU. Moyo ukamruka. Akakaza leso kiunoni, akaingia kuomba kazi.

Ndani hapakuwa na moshi wala sufuria. Palikuwa na vitabu, kutoka sakafuni hadi darini, na mwanamke mwenye miwani nyuma ya meza. Huyo alikuwa Cheptoo, aliyekuwa mwalimu kule kwao mlimani Elgon kabla ya kushuka mjini na kufungua duka la vitabu. Tangu alifungue, watu wengi walioingia walitaka kredo ya simu.

"Habali yako, madam," Nelima akasema. "Nimeona mnafanya karamu. Hamhitaji mpishi?"

Cheptoo akashika kichwa. "Hata wewe, mama? Jana mwingine ameniulizia chapati madondo! Si karamu. Ni kalamu, hii ya kuandika. Nilimpigia simu fundi wa vibao, mtu wa Bungoma, nikamwambia Nyumba ya Kalamu. Akaandika vile yeye husema."

"Si ndiyo nimesema? Karamu."

"Kalamu."

"Eeh. Karamu."

Wakatazamana. "Ati wewe ni wa wapi?" Cheptoo akauliza.

"Malakisi, huko huko Bungoma."

"Basi nimekwisha!"

Wakacheka hadi Cheptoo akavua miwani. Kwa watu wa Nelima, herufi hizo mbili, L na R, ni kama ndugu wanaovaliana mashati. Leo huyu, kesho yule, na nyumbani hakuna anayeshtuka. Kazi haikuwepo, lakini Cheptoo akavuta kigoda na kumpa kitabu cha hadithi, akisema asirudi nyumbani bure.

Nelima akasoma polepole, midomo ikitembea. Akasoma hadi kinyozi alipofunga kwenda chakula cha mchana. Ndipo akainua uso, amekasirika kweli.

"Madam, huyu kijana wa humu ndani ametembea, amelia, ameposa, amegombana na shemeji yake. Atakula saa ngapi?"

"Ni hadithi, mama."

"Hata kama! Hao wakwe wamempokea bila hata chai?"

Kesho yake akarudi ili ajue kama yule kijana alikula. Hakuwa amekula. Alichoona ni Cheptoo akitafuna biskuti kavu kama chakula cha mchana, na hilo hakuweza kulivumilia. Siku iliyofuata, Vivian alipofunga geti tu kwenda kazini, Nelima aliingia jikoni, akakanda unga, akakaanga mandazi, akayabeba kwa kikapu hadi dukani, bado ya moto.

"Mama, mafuta!" Cheptoo akaruka. "Ukurasa ukishika mafuta hauna dawa!"

Nelima alimtazama kwa huruma. Kwao mgeni hagusi chakula kabla hajamiminiwa maji mikononi, na akimaliza anamiminiwa tena. Sasa tatizo liko wapi? Akaweka beseni mlangoni, jagi, sabuni na taulo, akatangaza sheria: unanawa ndio ule, unanawa tena ndio ushike kitabu. Cheptoo mwenyewe akanyoosha mikono, akanawishwa.

Tangu hapo kibao kilifanya kazi yake. Watu waliingia wakifuata karamu, wakanawishwa, wakala, na kwa kuwa Nelima hakukubali mtu ameze na kukimbia, wakaanza kupekua vitabu. Kipsang wa bodaboda aliingia kutafuta andazi moja, akaanza ukurasa wa kwanza wa hadithi ya wezi wa ng'ombe, na abiria wake akachoka kungoja akapanda pikipiki nyingine. Jioni akaondoka na kitabu ndani ya koti. Cheptoo akaanza kuagiza vitabu vingine.

Kisha siku moja akasema kwa furaha, "Mama, yule fundi Matthew ameona aibu. Jumamosi anakuja kurekebisha ile herufi."

Nelima akasema ni vizuri. Hakuona vizuri hata kidogo. Kibao kikitengenezwa, nani ataingia akiwa na njaa? Atabaki mama mzee mwenye kikapu, na kochi linamngoja. Jumamosi, nyumba ilipobaki tupu, alipika kama anayeaga: mandazi, viazi vitamu, njugu karanga na birika kubwa la chai.

Duka lilijaa. Matthew akaegemeza ngazi, akakoroga rangi. "Madam, pole bana. Sasa nikuandikie karamu ama karamu?" Kinywani mwake maneno yote mawili yalitoka sawa.

"Wacha ikae hivyo!" Kipsang akapaza sauti, mikono ikidondosha maji. "Ukitoa karamu, nani atatunawisha?"

Cheptoo akageuka. Nelima alikuwa amesimama na jagi, hamtazami mtu. "Mama, tukibadilisha utaacha kuja?"

"Nitakuja kusoma," Nelima akasema. "Lakini kupika ndiyo kazi yangu. Nitaumia, madam."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Duka ni lako."

Cheptoo akamnyang'anya jagi, akamkumbatia pamoja na jagi lenyewe, maji yakawalowesha wote wawili. "Fundi," akasema, "hapo usiguse. Ongezea."

Akashika ngazi kwa mikono yote miwili, akamtajia Matthew herufi moja baada ya nyingine, na kila ilipokaribia ile ya matata alimpigia kelele. Rangi ilipokamilika, kibao kilisema NYUMBA YA KARAMU NA KALAMU. Nelima akaombwa akisome, naye akasimama katikati ya barabara akasoma kwa sauti kubwa, "Nyumba ya Kalamu na Karamu!" Watu wakapiga makofi, na hakuna aliyetaka kujua ameanza na lipi.

Alifika nyumbani jioni. Vivian alimfungulia mlango, uso umejaa wasiwasi. "Mama! Tumekutafuta. Umeshinda wapi?"

"Kazini," Nelima akasema.

Vivian akanusa. Akafunua kitambaa cha kikapu, akachungulia, akatia mkono hadi chini na kukuta makombo.

"Na hakukubaki hata moja?"

Nelima akacheka, akavua viatu, akapita kochi, akaingia jikoni moja kwa moja. Safari hii hakuna aliyemwambia akae.