Mipira Mia ya Mjomba

Mchomeleaji alikuwa na dawa moja tu ya vijana wanaorusha mpira ovyo, na dawa hiyo aliiunda mwenyewe: fremu ya chuma iliyofungwa kamba katikati, kuonyesha nafasi kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Mpira ukipita ndani ya kamba, vizuri. Ukigonga chuma, rudia. Asubuhi alichomelea mageti. Jioni aligeuka kocha wa besiboli kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya karakana, na kelele zake zilisikika mtaa wa pili.

"Samaki mkunje angali mbichi," alipenda kusema, huku akilisukuma bega la mtu hadi pale alipotaka yeye.

Aliyemtoa jasho zaidi ni mpwa wake mwenyewe, binti wa miaka kumi na sita. Wenzake walimwita Mvua, kwa kuwa mipira yake ilinyesha popote. Alikuwa na kasi ya kutisha. Mdakaji alitia kitambaa ndani ya glovu na bado kiganja kiliwaka moto. Lakini shabaha, hakuna. Alishampiga mwenzake mbavuni, akavunja dirisha la jirani, na siku moja chai ya kocha iliishia kwenye suruali ya kocha.

Mwisho wa mwezi shule moja ingekuja kuchagua mrushaji mmoja na kumsomesha bure. Mama yake Mvua alikuwa mfua nguo za watu, na bila nafasi ile binti angeacha masomo. Basi mjomba akaongeza dozi: mipira mia kila jioni, kisha mia na hamsini. Anayelalamika anakaa benchi; hiyo ilikuwa sheria, na mpwa hakusamehewa.

Wiki ya tatu mpira ukapita katikati ya kamba. Ukafuata mwingine, na mwingine, hadi kumi na tisa kati ya ishirini. Mtu mzima nusura alie kwa furaha.

"Umeona? Nilikwambia utulize mkono!"

Mdakaji akavua glovu, akakitazama kiganja chake. "Kocha, mbona siku hizi mipira yake hainiumizi?"

"Amejifunza, ndiyo maana. Rudi mahali pako."

Jamani, mtu akitaka kudanganyika hahitaji msaada.

Siku ya kuchaguliwa, wapigaji wageni waliipokea mipira ya Mvua kama iliyotundikwa ikiwasubiri. Wa kwanza ulipigwa ukavuka ukuta, wa pili ukaufuata. Wa tatu haukufika popote. Mvua alipiga magoti, ameshika kiwiko.

Daktari alisema kano ya kiwiko imekatika, na haikuanza kuchanika leo. Kurusha, asahau. Mama yake hakupiga kelele.

"Kaka," alisema, "mimi nilikuletea mtoto mzima."

Mchomeleaji akainama kando ya kitanda cha Mvua. "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu siku ulipoanza kunisifu, Mjomba. Nikirusha kwa nguvu kiwiko kilikuwa kinauma, basi nikawa narusha polepole. Nikirusha polepole, unafurahi. Umenikasirikia?"