Pikapu Inayokataa kwa Mke Mwenzangu

Pikapu ya mume wangu ilikuwa na tabia moja iliyonikosesha raha. Kwangu Bondeni, mjini, iliwaka mara moja, asubuhi yoyote, akigeuza ufunguo tu. Kwa mke mwenzangu Mau Narok, ambako mume wangu hununua viazi vya kuuza mjini, ilikataa. Tuna zamu, kila mmoja na siku zake, na yangu huanza kwa chai ya asubuhi. Chai ilipoa, adhuhuri ikapita, ndipo aingie na mikono imejaa grisi, aseme, "Gari imekataa kuwaka, mama."

Gari ni moja, betri ni ile ile, dereva ni yule yule. Kinachobadilika ni mke. Wewe ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri ninadanganywa. Lakini sikutaka kugombana bila ushahidi, kwa hiyo nikaanza na gari lenyewe. Siku moja ya zamu yangu nilimwita fundi wa mtaani, nikamweleza inavyokataa kule Mau Narok. Akapima betri, akasugua vichwa vyake, akasikiliza stata ikizunguka.

"Hapa iko sawa, mathe," akasema. "Hii ni ya dizeli, lazima ipate joto kwanza. Huko juu kuna baridi. Nadhani plagi za hita zimekufa."

"Na kama mwenye gari ndiye anakataa kutoka?"

Fundi akainama, akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Nikaamua kwenda kujionea. Nilimwambia mume wangu kwamba jirani ana harusi na nataka kuchagua viazi mwenyewe. Sikuwa nimewahi kulala kwa yule mwanamke. Alinipokea vizuri, akaniita dada, akanipa blanketi mbili, na wema huo wenyewe ulinikera.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Mume wangu akageuza ufunguo. Stata ilizunguka vizuri tu, injini ikakohoa, ukatoka moshi mweupe, basi. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Kumbe hakuwa akinidanganya. Ningepaswa kushukuru.

Lakini mke mwenzangu alikuwa ameshatoka nje, amevaa koti la mume wangu, lile la kijivu nililodhani limepotea, na birika la maji ya moto mkononi. Mume wangu akafungua boneti. Mwenzangu akamimina maji taratibu juu ya injini, pale pale panapotakiwa. Mume wangu akanyoosha mkono bila kutazama, naye akamwekea kitambaa kwenye kiganja. Kisha mume wangu akapanda, mwenzangu akaenda nyuma ya gari, akaliegemea kwa mgongo, akasukuma mpaka likashika mteremko na kuwaka. Wote wawili walikuwa wanacheka. Mimi nilisimama barazani na mkoba wangu, kama mgeni anayengoja kusindikizwa.

Niliona wivu. Heri angekuwa mwongo, maana uongo ningeweza kuupigia kelele. Sasa ningempigia kelele nani? Kwangu gari liliwaka, akaondoka, wala hakukuwa na kitu alichonihitajia.

Tuliporudi mjini nilimfuata fundi. Alizitoa zile plagi, akazigusisha kwenye betri moja moja, na moja tu ndiyo iliyopata moto ikageuka nyekundu. Sikubanduka pale mpaka mpya zikafungwa zote.

Tangu hapo mume wangu huwahi chai. Anaketi, anakunywa, anasoma simu.

"Siku hizi inawaka tu," aliniambia. "Yeye hata hatoki nje."

Alisema akitazama kikombe, na nikajua anakumbuka kule kusukumwa.

Wiki iliyopita, alipokuwa akiswali alfajiri, nilitoka nikalegeza waya wa betri. Nikavaa raba, nikafunga leso kiunoni. Kwetu pia kuna mteremko, kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Alipogeuza ufunguo hakukusikika kitu, nami nikasogea.

Akashuka, akafungua boneti, akaukaza waya kwa mkono, akapanda, akawasha. Aliondoka bila hata kuangalia ni nani aliyesimama nyuma ya gari.