Nilihamisha ubongo wa V12 ya Mjerumani, na mwenye gari akausikia mwilini

Wakuu, habari za huko mliko. Vijana, marahaba. Najua hamjanisalimia, lakini nimeshaitikia.

Mimi ni fundi magari hapa Karatu. Gereji ni yangu, spana ya kwanza niliipata kwa kuuza kuku. Shule niliishia darasa la tatu. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Anayetafuta chai akaipike kwake.

Kwanza mlijue gari lenyewe, maana wengi mmekulia kwenye vigari vya silinda tatu.

Mjerumani alitengeneza injini za silinda kumi na mbili tangu kabla ya ile vita kuu ya pili. Akaziacha muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya themanini kampuni moja ikazirudisha kwenye saloon ya matajiri. Wapinzani wao hawakulala, wakajibu na ya kwao, kubwa zaidi. Siku hizi wanaziacha tena, umeme umeingia.

Sasa ile ya themanini ni kama injini mbili za silinda sita zimeunganishwa. Kila upande una control box yake, yaani ubongo wake. Upande mmoja ukifa, wa pili unakufikisha nyumbani.

Zikiwa nzima zote, husikii kitu. Unasimamisha sarafu juu ya injini na haianguki. Nimejaribu mwenyewe.

Mzee Qamara wa Endabash, mkulima wa vitunguu, alikuwa nalo, jeusi. Alilinunua kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Kila Jumapili akitoka kanisani alipanda nalo hadi geti la Ngorongoro, lami inapoishia, anageuza, anarudi. Basi. Hiyo ndiyo starehe yake.

Mwaka jana akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto wote ukalala.

Wiki hiyohiyo gari likaanza kumisi, yaani silinda nyingine haziwaki, likaletwa gereji kwangu. Nikaweka bisibisi sikioni, ncha nikaigusisha kwenye injini. Kulia kunaunguruma vizuri. Kushoto kimya.

Nikacheka. Nikamwambia binti yake Paskalina, aliyelileta, "Baba yako na gari lake wanaigana."

Hakucheka. "Baba mdogo, yeye anataka jambo moja tu. Apande nalo getini kwa mara ya mwisho. Daktari anasema hana siku nyingi."

Nikamwahidi atapanda, tena na silinda zote kumi na mbili. Mimi nikiahidi nimeahidi.

Fundi ukishuku control box, unazihamisha. Ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Ugonjwa ukihama nazo, mbovu ni box. Usipohama, tafuta kwingine.

Saa nne asubuhi nikahamisha. Nikawasha.

Kushoto kukaamka. Kulia kukafa.

Nikapiga boneti kofi la furaha. Ugonjwa nimeushika!

Simu ikaita. Paskalina analia. "Baba alikuwa anakunywa uji, kikombe kimemdondoka. Mkono wa kulia hauinuki! Na ule wa kushoto umenikamata kanga, hauachii!"

Wakuu, mimi si mwoga. Nimelala chini ya lori bovu huku fisi wanazunguka. Ila siku ile sikuuliza mara mbili. Nikarudisha zile box mbio kama mtu anayerudisha mali ya wizi. Sikumwambia yeyote.

Jioni nikaenda Endabash. Mzee yuko kitini, kulia kumerudi, kushoto kumelala kama mwanzo. Akanitazama sana, nusu ya mdomo inacheka.

"Fundi, asubuhi ulinifungua. Mbona ukanifunga tena?"

 

Nikajitetea kwamba nimeagiza box nyingine, ila itachelewa kufika.

"Nipeleke na hizo sita," akasema. "Hata mimi ni sita."

Kesho yake asubuhi tukapanda. Paskalina mbele na mimi, mzee nyuma kama bosi. Gari linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Tulipoingia msituni ukungu ukafunga, taa zinamulika weupe kama maziwa. Mzee anaimba wimbo wa kanisani kwa Kiiraqw, pole pole, maneno yanamtoka nusu nusu.

Tumekaribia geti, ghafla kimya.

Nikajua limezima. Nikaangalia dashibodi, mshale wa mzunguko wa injini uko juu. Nikakanyaga mafuta, likaruka kama swala. Kushoto kumeamka kwenyewe!

Nikapiga kelele, "Mzee! Zote! Zinaita zote kumi na mbili!"



Nikamtazama kwenye kioo cha ndani. Mkono wake wa kushoto, ule uliokufa, ulikuwa juu umeshika kishikio cha mlangoni. Umekaza kabisa.

Mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Paskalina hakupiga yowe. Alisema tu, "Malizia." Nikaenda hadi lami inapoishia, nikageuza, kama alivyozoea.

Gari liko gereji kwangu, familia haitaki kuliona. Huwa naliwasha asubuhi. Linaita zote kumi na mbili, na ile box mbovu ni ileile, sijabadilisha kitu.

Anayeijua V12 anieleze. Anayekijua kiharusi naye aje. Wa kejeli mzimwage tu, ngozi yangu ngumu.

Nilichojifunza ni hiki: umebeba mgonjwa, injini ikanyamaza, usikimbilie dashibodi. Geuka nyuma kwanza.