Lugha Niliyoandikia Sumaku

Lugha inayonilisha haina maneno hata hamsini, na hakuna mtu aliyezaliwa nayo. Tunaiandika kwenye kompyuta, katika hospitali moja ya Ulaya, kuiamuru mashine iliyo kubwa kuliko nyumba yetu ya Kasongo. Mashine hiyo inazikimbiza chembe ndogo zisizoonekana mpaka zipate mbio kali, kisha sumaku zinazipinda na kuzipeleka kwenye uvimbe ulio ndani ya mwili wa mgonjwa. Weka. Soma. Subiri. Rudia. Simama. Kwa maneno hayo na namba ya kila sumaku ninaandika kurasa mbili tatu za amri, na kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, mashine inazifuata mstari kwa mstari hadi mwale ukae mahali pake.

Mama aliponiuliza kazi yangu ni nini, nilimwambia ninaviambia vyuma la kufanya.

"Na vyuma vinasikia?"

"Vinasikia, mama."

"Basi vinamushinda mudogo wako."

Katika kurasa zile mtu anaweza kuweka alama mbele ya mstari, mashine ikauruka, mstari ukabaki kwa ajili ya watu watakaosoma baadaye. Wenzangu waliandika maelezo makavu. Mimi niliandika kwa Kiswahili cha kwetu: hapa usiharakishe, huyu ni mukaidi, mupigie hodi mara tatu. Walicheka, wakaniuliza maana, na mwishoni wakaizoea ile mistari.

Huyo mkaidi alikuwa sumaku ya kumi na nne. Mwaka wangu wa kwanza niliiamuru ipandishe nguvu yake, ikajibu papo hapo kwamba tayari, nami nikaruhusu amri zinazofuata ziendelee. Kumbe ilijibu mara tu ilipopata amri, hata haijaanza kupanda. Vifaa vya usalama vya mashine vikazima kila kitu. Hakuna aliyeumia, lakini wagonjwa walikaa kwenye korido mpaka saa sita mchana, wanawake wengi wao, wamejifunga zile nguo za hospitali zinazoachia mgongo. Mkuu wangu, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, hakunigombeza. Alivuta kiti, akanionyesha kwamba jibu la kwanza si la kuaminiwa: unangoja, unasoma namba, unangoja, unasoma tena, na ya tatu ndiyo unayoshika.

Na mimi, mtoto wa Kasongo, ndiye wa kufundishwa jambo hilo na Mzungu! Kwetu hata mtu aliyebeba habari ya msiba haingii nayo mlangoni. Anapewa kiti, anapewa maji. Habari ya kule? Muzuri. Ya nyumba? Muzuri. Ya watu? Muzuri. Wote mmekaa mnajua kwamba hakuja bure, lakini unamwacha azimalize, kisha unasema: haya, lete sasa habari. Hapo ndipo anapoweka mikono magotini na kusema nani amekufa. Asiyeulizwa hivyo anaweza kunywa maji yake, akaaga na kurudi na msiba wake kifuani.

Niliijua desturi hiyo tangu sijaota meno. Niliiacha kwa sababu ya haraka, basi.

Baba alipofariki, mama alirudi kwao Kabambare, kwenye mashamba ya mihogo na karanga ya ndugu zake. Mdogo wangu wa kike alibaki Kasongo na duka lake la vitenge. Kila Ijumaa nilimpigia mama simu wakati wa mapumziko ya mchana, kikombe cha supu mkononi. Ili anipate, yeye ilimbidi atembee mpaka kilimani nyuma ya shule, ndiko mtandao unakoshika. Nilimsikia akihema.

"Mama, habari?"

"Muzuri, mwanangu."

"Haya, nashukuru. Niko kazini, nitakupigia wiki ijayo."

Namna hiyo kwa mwaka mzima. Mwanamke anapanda kilima kwa ajili ya neno moja, kisha anateremka. Nikikumbuka najichukia, na sitaki mtu aniambie nisijichukie.

Siku mdogo wangu aliponipigia yeye mwenyewe, tena asubuhi ya kazi, sikuuliza habari hata mara moja. Alisema mama ameletwa Kasongo kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na mjomba, amefungwa kitenge asianguke, na ziwa lake la kushoto limepasuka. Alisema hivyo tu, limepasuka. Mkononi nilikuwa na orodha ya wagonjwa wa siku hiyo. Watatu kati yao walikuwa na ugonjwa wa ziwa, na mmoja alikuwa rika la mama.

Niliomba konji, likizo ya dharura, nikapewa. Ndege mpaka Kinshasa, ndege nyingine mpaka Kindu, kisha pikipiki, matope mpaka magotini. Nilipofika nilimkuta katika chumba cha hospitali chenye vitanda sita, amejipaka mafuta usoni na kujifunga kilemba kwa sababu alisikia ninakuja. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kama wa mtu mwingine. Daktari alinipeleka nje chini ya paa la bati na kunieleza kwa Kifaransa cha taratibu: ugonjwa umekwisha kuingia kwenye ini na kwenye mifupa. Nilimpigia mkuu wangu, nikamsomea yote. Aliniuliza swali moja, ulianza lini. Nilipomjibu nilivyosikia kwa daktari, kwamba mdogo wangu aliuona tangu mwaka jana, akasema wakati ule, ndiyo, wangejaribu, na kwa uvimbe wa namna ile wanawake wengi wanapona. Sasa hapana.

Najua, labda ningenyimwa viza yake. Labda ningekosa nauli. Lakini ningekuwa nimegonga milango, na siku hizi ningekuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.

Nilimvuta mdogo wangu hadi kwenye kisima cha hospitali nikampigia kelele mbele ya watu. Yeye alikuwa amejua tangu mavuno ya karanga ya mwaka jana. Alipokwenda Kabambare kusaidia kuvuna, alimwona mama hawezi kuinua mtwangio, akamfungua kitenge kwa nguvu, akaona. Mama akamwapisha: usimusumbue yaya wako, mukubwa wako, yeye iko na wagonjwa wa watu kule. Kwetu mtu wa mbali hapewi habari mbaya, maana atalia na nani? Nikamtupia methali ya wakubwa, kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Nilisema vibaya, na kwa sauti.

Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Yaya, weye uliuliza? Mama alikuwa nasema: ataniuliza mara ya pili, nitamwambia. Weye unauliza mara moja tu, unakata."

Kisha akaanza kulia kwa namna iliyonitisha, anapiga kichwa chake kwa kiganja, anasema ni yeye aliyemuua mama, ni yeye aliyefunga mdomo. Nikamshika mikono. Hasira yangu iliishia hapo, kwa sababu nilimwona ana miaka thelathini na mitatu na mzigo huu atautembeza mpaka kaburini.

Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, mama aliniomba nimketishe. Mdogo wangu alikuwa akimkanda miguu. Muuguzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba Ulaya ziko mashine za miale zinazotibu ugonjwa huu, na mama hakuwa mjinga. Alikuwa ameliweka swali lake siku mbili.

"Ile mashini yenu. Inatibu ziwa?"

Nikasema inatibu mambo mengi.

"Siulize mengi. Kama nilisema mbele, tangu mwanzo, kama mudogo wako alisema, ungeniponyesha?"

Mdogo wangu aliacha kukanda. Hakuinua uso. Niliwatazama wote wawili, na nakumbuka kwamba hata sikufikiri.

"Hapana, mama. Ya kwetu ni ya ugonjwa wa kichwani tu. Ziwa haiwezi. Hata ningejua siku ya kwanza, ingekuwa vilevile."

"Vilevile?"

"Vilevile kabisa."

Akarudisha kichwa kwenye mto. "Alhamdulillahi. Basi hakuna mwenye kukosa." Akapapasa mpaka akakipata kichwa cha mdogo wangu, akakaa na mkono wake juu yake muda mrefu. Mdogo wangu alilia, lakini safari hii kilio chake kilikuwa kingine.

Tangu hapo mama akawa na furaha ya ajabu, furaha ambayo sikuweza kuivumilia. Kila mgeni aliyeingia, wake za wajomba kutoka Kabambare, wanawake wa msikitini, alimweleza: mwanangu anafanya na mashini kubwa ya wazungu, na amesema hata hiyo haingeniweza, ni Mungu tu. Wageni wakanigeukia. Nami, mwenye kazi ya kuandika ukweli wa sumaku mpaka tarakimu ya nne, niliitikia kwa kila mmoja wao: ndiyo, ndivyo. Alifariki siku ya kumi na moja, tukamzika siku hiyohiyo.

Nimerudi kazini. Wanawake wenye ugonjwa kama wa mama wanaingia asubuhi, wanalala chini ya mwale, wengi wanarudi kwao wazima. Mdogo wangu amejifungua binti akampa jina la mama, na majuzi ameniambia anataka kuja kunitembelea, aione hiyo mashine. Nimemwambia hawaruhusu wageni.